Boti Iliyolala Dikoni

Katika diko la kisiwa kimoja kidogo, upande wa magharibi wa Pemba, imelala boti ya alumini yenye urefu unaokaribia mita 8. Tuliiona kwa macho yetu tulipofika huko hivi karibuni. Vioo vya chumba chake vimevunjika, mbao za ndani zimeoza kwa mvua, na kuku wamepata mahali pa kuatamia chini ya usukani. Lakini kiwiliwili cha boti hiyo, kwa kadiri jicho na ngumi zilivyoweza kutuambia, bado ni kizima kutoka omo hadi tezi.

Boti hiyo ilikuwa mali ya ofisi moja ya umma. Mashine yake iliharibika, ikangoja kipuri, na kipuri hakikufika. Sasa wananchi wa kisiwa hicho wameomba wapewe, ili wakiondoe chumba na kuifanya boti ya wazi ya kuvushia wagonjwa, wanafunzi na mizigo. Ombi lao limekwisha kupita meza kadhaa bila ya jibu. Vijana wa kijiji, kwa kuchoka kungoja, wameanza kutafuta misumeno.

Sisi tunaliunga mkono ombi hilo. Misumeno hatuiungi mkono, angalau si kwa sasa.

Wanaosema kwamba boti yenye chumba ni ya heshima zaidi, na kwamba kuikata ni kuiharibu, hawajapata kumbeba mgonjwa usiku. Mlango wa chumba hicho unapitisha mtu mmoja, tena aliyejigeuza ubavu. Mama aliyeshikwa na uchungu, naye amelazwa juu ya kitanda cha kamba, hawezi kupita hapo. Chumba hicho kilijengwa kwa ajili ya maofisa wachache waliokwenda ziara na kurudi siku ile ile. Isitoshe, upepo wa kusi unapovuma chumba huwa kama tanga ambalo nahodha hawezi kulitua, na boti ikipinduka, waliomo ndani hawana njia ya kutokea. Kwa safari fupi baina ya visiwa vyetu, boti ya wazi ndiyo inayofaa.

Hata hivyo kukiondoa chumba si sawa na kuvua kofia. Kila mwenye kutumia debe la mafuta anajua kwamba debe lenye mfuniko wake ni gumu, na kwamba ukishaukata mfuniko huo, pande zake hubonyea kwa mkono. Boti ya alumini ni hivyo hivyo. Sitaha ya mbele na kuta za chumba husaidiana na mataruma kuzizuia mbavu zisicheze. Anayekata vyote kwa siku moja atapata boti inayopindapinda juu ya mawimbi, na baada ya miezi michache nyufa zitaonekana penye maungio. Yafaa ibakizwe sitaha fupi ya omoni, ukingo wa juu uzungushiwe bomba nene la alumini, na mataruma yaongezwe pale kuta zilipokuwa. Kazi hiyo ifanywe kabla ya kipande cha mwisho cha chumba kuondolewa, si baada yake.

Tunawaomba pia mafundi wetu, ambao ustadi wao katika mbao hauna shaka, wakumbuke kwamba alumini si mbao wala si chuma. Uzito wake ni kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi bila ya kuwa nyekundu kwanza, hata fundi asiyeizoea hushtukia ametoboa tundu. Kuichomelea kunataka gesi ya agoni na mkono uliofundishwa, na hata hapo sehemu iliyopitiwa na moto hubaki dhaifu kuliko ilivyokuwa. Tena alumini haipatani na shaba. Msumari wa shaba, au rangi ya chini yenye shaba ndani yake, ikikutana na alumini katika maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Mbao mbichi iliyolazwa juu yake na kukaa na unyevu huitafuna kidogo kidogo, mahali ambapo hapana anayeona. Kwa hiyo zile mbao zilizooza zing'olewe zote, na bati la chini yake lichunguzwe kwa nyundo ndogo na taa kabla ya mtu yeyote kusema kwamba boti ni nzima. Ngumi zetu, tunakiri, si kipimo.

Jambo linalotutia hofu zaidi kuliko yote ni maji. Chumba, pamoja na ubaya wake, kilizuia mawimbi yasiingie. Boti ya wazi hupokea kila wimbi linalovuka ukingo. Sitaha yenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 2, ikijaa maji ya kina cha sentimita 10 tu, imekwisha kubeba tani moja. Tani hiyo haitulii mahali pamoja kama magunia ya muhogo. Boti ikiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande ule ule na kuizidisha kuinama. Upo wa kufulia maji hautoshi hapo. Sitaha lazima iwe juu ya usawa wa bahari hata boti inapokuwa imejaa watu, na iwe na matundu makubwa ya kutolea maji yenye vifuniko vinavyofunguka kwa nje. Chini ya sitaha litiwe povu gumu lisilonywa maji, kwani mita moja ya ujazo ya povu hilo huweza kuelesha karibu tani moja. Povu la zamani, ikiwa limo, litolewe likapimwe mizani. Likiwa limenywa maji, boti ilikuwa ikibeba bahari ndani yake miaka yote.

Watu wa visiwa hivi hawahitaji kufundishwa na gazeti maana ya boti kupinduka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012, Skagit ilipinduka karibu na Chumbe. Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya kuvusha abiria katika maji ya ndani ya jimbo la Washington, kisha ikaletwa katika bahari yetu. Tunaitaja hapa kwa sababu chombo kilichofaa mahali pengine, au kilichofaa kikiwa na umbo jingine, hakina budi kupimwa upya mahali kinapokwenda kutumika.

Kipimo chenyewe si cha gharama kubwa. Boti huelea katika maji matulivu, timazi hutundikwa katikati yake, na mizigo ya uzito unaojulikana, kwa mfano madumu ya maji ya lita 20, huhamishwa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine huku mkengeuko wa timazi ukiandikwa. Mkaguzi mwenye elimu ya kazi hiyo atajua kutokana na hesabu hizo boti imesimama imara kiasi gani na inaweza kuchukua watu wangapi. Idadi hiyo iandikwe ubavuni kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, isomwe na kila anayepanda. Cheti kilichotolewa zamani kwa boti yenye chumba kisikubaliwe kwa boti isiyo na chumba.

Hapa ndipo tunapowageukia wakuu wanaohusika. Kukaa kimya kwa ofisi hakuwalindi wananchi. Kunawaacha wakate usiku, bila ya mkaguzi, na kesho yake wapakie watoto wa shule. Ikiwa boti hiyo haitatumika tena serikalini, basi utaratibu wa kuwakabidhi wananchi ukamilishwe, na mkaguzi atumwe mara mbili: kabla ya msumeno kugusa bati, na baada ya boti kurudi majini. Nauli ya mkaguzi hadi kisiwani na kurudi haiwezi kuwa kubwa kuliko karatasi na safari ambazo ombi hilo limekwisha kugharimu.

Wananchi nao wameahidi kutoa nguvu kazi na magogo ya kuivutia boti. Haiwezi kutolewa pale ilipo ila kwa maji ya bamvua, ambayo huja mara mbili kwa kila mwezi mwandamo. Faili likitiwa sahihi kabla ya bamvua moja, boti itakuwa mbele ya mafundi kwa bamvua la pili.