Simu ya Intaneti na Jina Lake

Neno simu asili yake ni Kiajemi, na huko lilikotoka maana yake ni uzi wa madini, yaani waya. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, na habari ipitayo katika waya wa namna hiyo nayo huitwa simu. Chombo cha kusemea kilipokuja kiliitwa simu ya mdomo, na kile kisicho na waya simu ya upepo. Jina ambalo, likifuatwa asili yake, ni waya wa upepo, wala hapana aliyestaajabu.

Simu ya intaneti imelipeleka neno hili mbali zaidi. Katika simu ya zamani wasemaji wawili hupewa njia iliyo yao peke yao mpaka wamalize. Katika intaneti hakuna njia ya mtu. Sauti hupimwa, kwa kawaida mara 8,000 kila sekunde. Vipimo hugeuzwa tarakimu, na tarakimu hufungwa katika pakiti, aghalabu 50 kwa sekunde, kila moja na anwani yake. (Wako waziitao vifurushi, lakini nchini Tanzania jina hilo limekwisha kushikwa na wauzaji wa muda wa maongezi.) Pakiti huweza kupita njia mbalimbali, kisha hupangwa upya mwisho wa safari. Iliyochelewa mno hutupwa, kwani mazungumzo hayangoji. Ndipo sauti hukatika. Kabla ya waya wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ya kwenda ng'ambo ilitegemea sana setilaiti, iliyo juu kiasi cha kilomita 36,000. Sauti ilichukua robo ya sekunde kufika, na watu wakakatizana maneno bila kukusudia.

Faida kwa mfanya biashara ni kwamba namba haifungwi na mahali: namba ya ofisi iliyoko Mwanza yaweza kupokewa dukani Nyantakara, wilayani Biharamulo. Lakini simu ya waya ilikuwa ikipata umeme wake kutoka kituo cha simu, kwa waya ule ule uliochukua sauti. Simu ya intaneti hutumia umeme wa nyumba na wa mnara. Umeme ukikatika usiku, mwenye mgonjwa huko Nyantakara asiye na betri hana simu, ijapokuwa chombo kiko mezani.