Degedege, Ukuta wa Ubongo na Kidonge cha Sokoni

(Muziki wa kipindi unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia degedege, ule ambao wengine tunauita ugonjwa wa ndege. Mtoto ana homa, mara anakakamaa, macho yanageuka. Jirani anasema: "Mpe steroidi, zinatoka kwenye mimea, zitalinda ubongo wake." Je, ni kweli?

Kwamba zina asili ya mimea, ni kweli. Miaka ya 1940 steroidi zilianza kutengenezwa kutokana na viazi vikuu vya porini vya Mexico. Baadaye kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilitumia maji yanayobaki baada ya kuchakata mkonge wa Afrika Mashariki. Deksamethasoni, kile kidonge kidogo ambacho wengine humeza ili wanenepe, ni wa ukoo huo.

Sasa tuuangalie ubongo. Mishipa yake midogo ya damu ina ukuta wa seli zilizobanana sana. Ukuta huo ni kama lango lenye mlinzi: sukari na oksijeni hupita, sumu nyingi na vijidudu vingi hubaki nje. Malaria kali ikiingia, chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata kwenye ukuta huo. Zikipasuka, hutoa vitu vikali vinavyoula ukuta kama kutu inavyokula bati. Wataalamu wanaita hali hiyo mkazo wa oksidisheni. Ukuta ukianza kuvuja, ubongo huvimba.

Hapa Malawi, madaktari wa Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, waliwapiga picha za ubongo watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Watoto 25 walifariki, na 21 kati yao ubongo ulikuwa umevimba sana.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kwa hiyo, kwa nini tusitumie steroidi? Maabarani, baadhi ya steroidi za mimea zimepunguza kutu hiyo kwenye seli na kwenye panya. Lakini panya si mtoto wako. Deksamethasoni ilijaribiwa kwa wagonjwa 100 wa malaria ya ubongo huko Thailand, na matokeo yakatolewa mwaka 1982. Haikupunguza vifo. Tena, waliopewa dawa hiyo walichelewa zaidi kuzinduka.

Kinachookoa ni kuua vimelea haraka. Sindano ya artesuneti nayo asili yake ni mmea, ila imesafishwa, imepimwa, na imejaribiwa kwa watu. Mwaka 2010, utafiti wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kongo, Rwanda na Tanzania, ulionyesha kuwa artesuneti huokoa watoto wengi kuliko kwinini. Mmea kuwa mmea hautoshi. Lazima tujue unafanya nini ndani ya mwili, na kwa kipimo gani.

Mama, baba, mtoto akipata degedege, mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimnyweshe kitu mpaka azinduke. Mkimbize kituo cha afya cha Dzaleka, hata kama ni usiku. Akihitaji kupelekwa Dowa au Lilongwe, wao ndio watakaoamua. Na kama ulimpa kidonge au majani, mwambie muuguzi bila aibu. Hiyo itamsaidia kumtibu vizuri.

Nawe dada unayemeza deksamethasoni kila siku: usiiache ghafla, mwili unaweza kuzidiwa. Mwone daktari akupunguzie polepole.

Degedege haingoji kesho. Mwambie na jirani ambaye hana redio.

(Muziki unapanda.)