Msumeno wa Nakshi wa Zamani: Bei ya Kununua na Bei ya Kuutumia

Marekani, mashine ya nakshi aina ya Delta, ya chuma cha kusubu ya miaka ya 1940 au 1950, yenye nafasi ya inchi 24 kati ya bledi na shingo ya mashine, mara nyingi huuzwa kwa dola 100 hadi 250, stendi na mota humohumo. Msumeno mpya wa nakshi wa bei ya chini ni kama dola 100 hadi 150. DeWalt DW788 ya inchi 20 hufika 500 na kupita, na Hegner mpya ya Kijerumani huvuka elfu. Ukitazama bei peke yake utaikimbilia Delta. Tazama kwanza bledi inavyokamatwa.

Mkono wa Delta ile umetulia tuli. Chini kuna pistoni inayoendeshwa na mota ndani ya sanduku la oili, na juu kuna springi inayoivuta bledi irudi. Bledi nene haina taabu na mpango huo. Lakini bledi nyembamba ya namba 1 au 2 hutegemea springi hiyo kwa kila kitu, na springi iliyochoka kwa miaka 70 huiacha ilegee kila inapopanda. Utaiona ikipinda kidogo kwenye kona kali ya mchoro, kisha inakatika.

Mashine za mikono miwili sambamba, ambazo Hegner ilizipa umaarufu kuanzia miaka ya 1970, zimeondoa tatizo hilo: mikono hupanda na kushuka pamoja, na bledi hubaki imekazwa vilevile mwendo mzima. Kwa anayetaka kukata herufi, maua na nakshi za ndani, chaguo langu ni mashine ya aina hiyo iliyotumika, iwe Hegner au Hawk ya RBI, hata ukiitolea dola 300 au 400. Delta ningemshauri mtu anayekata mbao nene za vitu vya watoto, au shaba kwa kasi ndogo. Ukiuhamisha mkanda kwenye puli unapata takriban mipigo 600 hadi 1,700 kwa dakika, na uzito wake huifanya itulie mezani.

Mashine nyingi za bei ya chini hupokea bledi zenye pini ncha zote mbili. Hapo ndipo urahisi unapogeuka ghali. Ili ukate tundu la ndani ya herufi, unatoboa, unafungua bledi upande mmoja, unaipitisha, unaifunga tena. Bledi isiyo na pini hupita kwenye tundu la milimita moja au mbili; yenye pini inataka tano au zaidi, na tundu kubwa hivyo limeshaila nakshi yenyewe. Bledi nzuri zisizo na pini ni dola chache kwa dazeni, nazo zitakatika, hasa kwenye mbao ngumu, kwa hiyo zitie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Anayetaka kuisafirisha mashine ya Marekani hadi Mombasa au Dar es Salaam ana hesabu nyingine. Kule umeme ni volti 120 na hezi 60. Huku ni 230 au 240 na hezi 50. Transfoma hushusha volti, hezi haizigusi, kwa hiyo mota ya zamani itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na kupata joto kuliko ilivyozoea. Hapa Delta inaishinda DeWalt: mota yake iko nje, imeungwa kwa mkanda. Iache hukohuko, upunguze uzito wa mzigo, na ufunge mota ya huku ya robo nguvu ya farasi.

Asiye na umeme wa uhakika atafute mashine ya kukanyaga kama cherehani. Kampuni ya Hobbies ya Dereham, Uingereza, iliziuza kwa miaka mingi.

Kabla ya kutoa pesa, zungusha puli kwa mkono bila umeme. Ikikwama, au pistoni ikicheza kushoto na kulia, beringi au bushi zimekwisha. Pangusa chini ya sanduku uone kama oili inavuja. Kisha omba uone vibano vyote viwili vya bledi. Kibano cha chini kikikosekana, usilipe bei ya mashine nzima, maana kukitafuta kunaweza kugharimu karibu nusu ya ulichookoa.