Sheria ya kazi katika wilaya za Ngara na Biharamulo

Sheria ya kazi ni tawi la sheria linaloongoza uhusiano kati ya mwajiri na mfanyakazi: namna ya kuajiri, saa za kazi, ujira, likizo, nidhamu, kuachishwa kazi na utatuzi wa migogoro. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, inatumika sheria ileile ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria ya Ajira yake ya mwaka 2005.

Mazingira ya kazi

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Wakazi wake wengi ni wakulima wa ndizi, maharagwe na kahawa. Wilaya hiyo ina pia kituo cha mpakani cha Rusumo, mradi wa umeme wa maji wa Rusumo wenye megawati 80 unaomilikiwa na nchi tatu, na akiba ya nikeli ya Kabanga. Biharamulo inajulikana kwa dhahabu: mgodi wa Tulawaka ulianza kuzalisha mwaka 2005, na mwaka 2013 ulichukuliwa na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) kupitia kampuni yake ya STAMIGOLD.

Mgodi mkubwa au ofisi ya umma huajiri kwa barua. Lakini kibarua wa shamba, mchungaji, msaidizi wa nyumbani, muuza duka na mhudumu wa nyumba ya wageni mara nyingi huajiriwa kwa mdomo tu. Watu wengi hudhani kwamba asiye na karatasi hana haki. Kisheria sivyo ilivyo.

Historia

Wakati wa utawala wa Waingereza, sheria ya mwaka 1923 kuhusu mabwana na watumishi wenyeji ilimfanya mfanyakazi aliyetoroka kazini kuwa mhalifu. Baada ya uhuru, Sheria ya Usalama wa Ajira ya mwaka 1964 ilipunguza uwezo wa mwajiri kumfukuza mtu papo hapo, na ikaanzisha kamati za wafanyakazi. Sheria hiyo ilifutwa na sheria mpya za mwaka 2004.

Misingi ya kisheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inataja haki ya kufanya kazi (ibara ya 22) na haki ya kupata ujira wa haki (ibara ya 23). Chini yake zipo sheria mbili kuu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004. Tanzania pia imeridhia mikataba minane ya msingi ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), ikiwemo ile ya kupinga kazi za kulazimishwa na ajira ya watoto.

Mkataba usioandikwa

Sheria inataka mkataba uwe wa maandishi, lakini mfanyakazi asiye na maandishi hapotezi ulinzi wa sheria.  Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: aina ya kazi, mahali, tarehe ya kuanza, saa na ujira. Kukitokea kesi na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa na mfanyakazi.

Swali lingine ni nani anahesabiwa kuwa mfanyakazi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinaweka vigezo, na kimoja tu kikitimia mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake ni kusimamiwa na mwingine namna ya kufanya kazi, kupewa vifaa na mwingine, au kumfanyia mtu mmoja kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa hiyo mchimbaji anayelipwa mgawo wa mawe na mwenye duara hawezi kuondolewa kwenye ulinzi wa sheria kwa kuitwa tu "mshirika".

Haki za mfanyakazi

• Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu.
• Likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, kwa masharti ya sheria.
• Likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliozaliwa zaidi ya mmoja.
• Kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma kwa kufuata utaratibu.
• Mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi mgodini.

Raia wa kigeni, wakiwemo wanaovuka mpaka kutoka Burundi na Rwanda, wanahitaji kibali cha kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni.

Haki za mwajiri

Mwajiri ana haki ya kuchagua wafanyakazi bila ubaguzi, kusimamia kazi, kutoa adhabu za nidhamu na kuunda au kujiunga na chama cha waajiri. Anaweza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya utovu wa nidhamu, kutoimudu kazi au mahitaji ya uendeshaji. Lazima sababu iwe halali na utaratibu uwe wa haki, na ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha hayo. Ulinzi huu hauwahusu walio chini ya miezi sita kazini. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku zisizopungua 28, isipokuwa katika mwezi wa kwanza, ambapo notisi ni siku 7.

Utatuzi wa migogoro

Mgogoro hupelekwa kwanza kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Usuluhishi ukishindikana, hufuata uamuzi. Asiyeridhika huomba mapitio katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Watumishi wa umma, walimu wakiwemo, hutakiwa kumaliza kwanza njia za rufaa za utumishi wa umma.

Anayepinga kuachishwa kazi anapaswa kuwasilisha lalamiko ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, lakini lazima atoe sababu za msingi. Kutoka Ngara hadi Bukoba, makao makuu ya mkoa, ni safari ndefu na ya gharama, hivyo anayeendelea kusubiri ahadi za mwajiri anaweza kupoteza dai lake kwa kupitwa na muda, hata kama haki ilikuwa upande wake.