Komenti Ishirini, Jina Moja Kwenye Simu

Kwenye kundi letu la wapenda muvi kule Facebook, hakuna anayekubaliana na mwenzake. Kuna jamaa anayeshikilia kwamba Kenya haijawahi kutoa filamu kali kuishinda Nairobi Half Life ya 2012. Kuna dada wa Supa Modo, na huyo akianza kuisifu, jua jioni imeisha. Mimi nasoma, nacheka, kisha napeleka flashi kwa duka la muvi hapa mtaani Nakuru. Maoni yao yakinidanganya, nimepoteza saa mbili na pesa kidogo.

Ndiyo maana sikushtuka mtu alipoweka picha ya projekta, 7,500 tu. Alisema duka liko Luthuli Avenue, Nairobi, mahali kila mtu anajua kunauzwa vitu vya stima. Komenti zikamiminika. "Nilinunua mwezi jana, iko poa." "Huyu ni mwaminifu." "Yangu ilifika na matatu siku hiyo hiyo." Zilikuwa kama ishirini hivi. Baadaye ndipo niliangalia nikaona wengi wao hawajawahi kubishana nasi kuhusu muvi hata moja. Watu wa kundi hili, wasiobishana!

Nikampigia. Aliongea kwa heshima, "sister" kila sentensi. Nikaomba till ya duka. "Till inasumbua leo, tuma kwa hii namba." Nilipoingiza namba na kiasi, simu ikaonyesha jina la mwanamke, ilhali yeye alijitambulisha kama mwanamume. Nikamuuliza. "Hiyo ni laini ya wife."

Nikaweka PIN.

Hizo zilikuwa pesa za chama, zamu yangu, na nilikuwa nimeahidi watoto wa plot kwamba likizo ya Agosti tutatazama muvi ukutani. Saa mbili baadaye akataka 1,200 zaidi, ati bima ya mzigo. Nilipokataa, simu ikazimwa. Kwenye kundi nikaeleza yaliyonipata. Tangazo lake likafutwa kabla sijamaliza kuandika.

Lile jina linaloonekana kabla ya PIN linatokana na usajili wa laini, unaofanywa kwa kitambulisho. Komenti inaweza kuandikwa na yeyote, hata muuzaji mwenyewe kwa akaunti nyingine. Jina kulingana si hakikisho kwamba mzigo upo, maana matapeli pia hutumia laini za watu. Lakini lisipolingana, na badala ya till ya duka unapewa namba ya mtu na hadithi, gusa Kataa. Muuzaji wa kweli atangoja.

Kosa langu la pili lilikuwa aibu. Nilikaa siku mbili kabla ya kumwambia mtu. Kwa M-Pesa, ombi la kurudishiwa pesa unalianza kwa kutuma ule ujumbe wa malipo kwa 456, na ni mbio: pesa zikishatolewa, kwa kawaida hakuna cha kurudisha. Zangu zilikuwa zimetolewa zamani. Nilienda polisi nikapewa namba ya OB. Waliuliza namba ya muamala, namba ya simu na yale mazungumzo. Bahati sikuwa nimefuta kitu, ingawa kwa hasira nilitaka.

Projekta nilikuja kuipata mwezi wa tisa, kwa muuzaji wa hapa hapa Nakuru. Tulikutana dukani kwake, nikaomba aiwashe kwanza. Akaiwasha, akaelekeza picha kwenye mlango wa jirani, mwenye mlango akalalamika. Till ilikuwa imeandikwa ukutani, na jina lililotokea kwenye simu lilikuwa lile lile la kibao cha nje. Ilikuwa 9,000, ghali kuliko ile ya Luthuli ambayo haikuwepo.

Jumamosi hiyo tuliweka Supa Modo. Watoto wawili walilala katikati. Dada wa kundi sijamwambia.