Vazi la vita la kwenye kompyuta laweza kuvaliwa hata Kabambare

Taji la Malkia Ramonda, alilovaa Angela Bassett katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, halikusukwa kwa mkono. Julia Koerner, mbunifu kutoka Austria, alilichora kwenye kompyuta akifuata kofia za wanawake wa Kizulu walioolewa. Kisha mashine huko Ubelgiji ikalijenga kwa unga wa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Ruth E. Carter, aliyesimamia mavazi ya filamu hiyo, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2019.

Mashine ya namna hiyo iko mbali na Kabambare, kusini mwa Maniema, ambako kuchaji simu tu mara nyingi kunategemea paneli ya jua. Lakini si njia pekee. Programu ya Kijapani iitwayo Pepakura inakunjua umbo la kompyuta na kuligeuza vipande bapa, kama mtu anayefungua boksi la sabuni. Vipande vinachapwa kwenye karatasi ya kawaida, vinakatwa, halafu vinafuatishwa juu ya karto au povu. Povu linalopendwa na mafundi wa Ulaya na Marekani, EVA, ni jamaa ya lile la kandambili: likipata joto linapinda, likipoa linabaki vile. Joto la makaa linatosha, bila kuligusisha moto, na kazi ifanyike nje, maana moshi wake ni mbaya.

Ugumu unaanza hapo. Mchoraji wa mchezo wa video hajali uzito wala jasho. Chuma chake kinaweza kupenya bega na hakuna anayeona. Mtu akivaa dirii ile ile hawezi kuinua mkono wala kuketi. Kwa hiyo inafaa kupima kwanza kifua, kiuno na urefu wa mgongo, kulinganisha mchoro na mwili, kisha kukata dirii vipande vinavyopandiana na kufungwa kwa mikanda. Wanaoanza wengi wanaruka hatua hiyo. Fundi cherehani angewacheka: nani anakata kitenge bila kupima? Mfano mwingine uko msituni. Magamba ya kakakuona yanapandiana, naye anajikunja mviringo bila shida. Walega wanasimulia kwamba ndiye aliyefundisha watu kuezeka nyumba kwa majani.

Kabambare kuna jambo lingine la kupima. Wapiganaji wa Mai-Mai Malaika wamesumbua eneo la Salamabila kwa miaka, na sheria inakataza raia kuvaa sare ya jeshi. Kijana mwenye dirii ya rangi ya kijeshi na bunduki ya karto, barabarani saa moja ya usiku, hataonekana kama anacheza. Afadhali rangi ya dhahabu au nyekundu, mkuki badala ya bunduki, vazi libebwe ndani ya mfuko hadi uwanjani, na chefu wa kijiji ajulishwe mapema.