Kubeba Ndoo Kunatosha?

Akina mama wenzetu, tunapopimana presha baada ya ibada hapa Puge, jibu ni lile lile: "Nesi, mazoezi ya nini? Nabeba ndoo, nalima, natwanga." Mama mmoja wa kikundi chetu alitujibu hivyo huku kipimo kikisoma 170 kwa 100. Mikono yake ni imara kuliko ya vijana wengi. Lakini kanisani alikuja kwa bodaboda, maana akitembea kidogo tu anahema.

Ndipo tukaanza kujiuliza: lipi bora, kunyanyua vizito au kutembea na kukimbia?

Wazee wetu wa Unyamwezi hawakuchagua. Katika karne ya 19 wapagazi walikwenda hadi pwani ya Bagamoyo, safari ya miezi mitatu hivi, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Baadhi ya wake zao walifuatana nao wakibeba vyungu. Nguvu na pumzi vilikwenda pamoja. (Hatusifu mateso yale, wengi walifia njiani.)

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na kweli hujenga misuli. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyo kwenye damu, na uzito huimarisha mifupa, jambo kubwa kwetu tunaokaribia kukoma hedhi. Lakini siku hizi wengi wetu tunachota karibu na nyumbani, dakika tano ndoo imetuliwa. Moyo unataka mwendo wa haraka usiokatika. Huo husaidia kushusha presha. Na jembe nalo ni la msimu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Vyote viwili, basi. Ni nusu saa kwa siku tano. Saa ya mkononi si lazima: tembea kiasi kwamba unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini pambio huwezi kuimba.

Kwa nguvu, vyuma vya mjini tuwaachie wenyewe. Keti kwenye kigoda na kuinuka mara 10 bila kujishikilia. Nyanyua chupa mbili zilizojaa mchanga. Usibane pumzi unaponyanyua, kwa kuwa presha hupanda ghafla; itoe taratibu. Mjamzito, aliyejifungua karibuni na mwenye maumivu ya kifua waonane kwanza na mhudumu wa afya. Na vidonge vya presha visiachwe kwa sababu umeanza kutembea!

Mama yule anameza vyake kila siku, na jioni tunatembea naye kabla ya mazoezi ya kwaya. Mwanzoni mumewe aliuliza tunakwenda wapi bila mzigo kichwani. Wiki iliyopita alitufuata, akaachwa nyuma.